Kabla kamba hazijafunguliwa

Chombo kikizama kwenye maji yetu, kauli huwa moja: sheria zikazwe. Naikubali, ila nauliza kwanza ni sheria ipi, na ikazwe wapi. Mkataba mkuu wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, uliandikwa mara ya kwanza mwaka 1914 baada ya Titanic, na unaotumika sasa ni wa 1974. Huo ni mkataba wa meli za safari za kimataifa. Meli ya mizigo iliyo chini ya GT 500 (GT ni kipimo cha ukubwa wa meli) haimo. Chombo kisicho na injini hakimo, cha mbao kilichoundwa kienyeji hakimo, cha uvuvi hakimo. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006, ule wa MLC, nao umewaacha nje wavuvi, umeyataja majahazi kwa jina kuwa hayamo, na meli inayotembea maji ya ndani tu hauigusi. Ukishaondoa hayo yote, nenda kasimame gatini Malindi, Unguja, au Mwanza, uhesabu vilivyobaki.

Kwa hiyo vyombo vinavyobeba watu wetu wengi zaidi viko chini ya sheria za nchi: Tanzania Bara kuna Sheria ya Meli ya 2003 inayosimamiwa na shirika la TASAC, Zanzibar kuna mamlaka yake ya usafiri wa baharini, ZMA, Kenya kuna mamlaka ya bahari, KMA, na sheria ya 2009. Karatasi zipo. Sheria kali ninayoitaka mimi ni ile inayopimika gatini, kabla kamba hazijafunguliwa, tena ipimwe na mtu asiyepoteza chochote kwa kuizuia meli isiondoke.

Tuanze na uzito wa watu, kwa sababu ndio uliotuua zaidi.

Mv. Nyerere ilikuwa ikivusha watu kati ya Bugolora na kisiwa cha Ukara, Ukerewe. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio, ilipinduka ikiwa imekaribia kabisa gati la Ukara. Waliokufa ni 228, waliookolewa 41. Jumlisha mwenyewe: ni zaidi ya mara mbili na nusu ya uwezo. Mombasa walikwishayaona hayo tarehe 29 Aprili 1994, kivuko cha Mtongwe kilipopinduka mita chache tu kutoka gatini na watu 272 wakafa. Vyote viwili vilizama karibu na nchi kavu, na hilo si ajabu. Chombo kinapokaribia gati au kinapoliacha ndipo watu husimama, hushika mizigo yao na kusongamana upande wenye mlango.

Hesabu yake si ngumu, na ningependa kila karani wa tiketi aijue. Uthabiti wa chombo hupimwa kwa kitu kiitwacho GM. Huo ni umbali, kwa mita, kutoka kitovu cha uzito wa chombo hadi ile nukta ya juu ambayo chombo huyumba kana kwamba kimetundikwa hapo. GM ikiwa kubwa, chombo kikilala hurudi wima upesi. Ikiwa ndogo, huchelewa. Ikiisha, hakirudi.

Chukua kivuko cha tani 150 pamoja na vyote vilivyomo, chenye GM ya mita 0.8. Kanuni za IMO, shirika la Umoja wa Mataifa la mambo ya bahari, zinamhesabu abiria mmoja kuwa kilo 75. Watu 75 wakihama mita 3 kutoka katikati kwenda ubavuni, ni tani 5.6 mara 3, yaani tani-mita 17 hivi. Gawanya kwa 150 mara 0.8, ambayo ni 120. Unapata 0.14, na chombo kinalala nyuzi 8. Kikomo cha IMO kwa abiria waliojazana upande mmoja ni nyuzi 10, basi hapo kimepona. Sasa wahame watu 150 badala ya 75: mlalo unafika karibu nyuzi 16. Na wale wa ziada hawakai ngamani, chini tumboni mwa chombo. Wako juu, kwenye sitaha ya wazi na kwenye ngazi, kwa hiyo kitovu cha uzito kimepanda na GM imeshuka, tuseme hadi 0.5. Hesabu ile ile sasa inatoa nyuzi 24. Kivuko chenye ubavu mfupi hakifiki huko kikiwa salama: ukingo wa sitaha umeshaingia majini, magunia yasiyofungwa yameteleza kufuata watu, na hesabu yangu ya makadirio haina kazi tena.

Ona pia kwamba kuongeza watu mara mbili hakukuongeza hatari mara mbili. Kulitutoa nyuzi 8 hadi 24. Ndiyo maana neno "tumezidisha kidogo tu" halina maana kwenye chombo kinachoelea. Kwenye basi abiria wa ziada anakubana goti, ila kwenye kivuko anahamisha kitovu cha uzito.

Kutokana na hapo, idadi ya abiria haipatikani kwa kuhesabu viti. Inatokana na jaribio la mlalo: uzito unaojulikana unahamishwa kutoka upande mmoja hadi mwingine, timazi inasomwa, GM ya chombo kitupu inapatikana, kisha zinapigwa hesabu za hali mbaya zaidi ya upakiaji. Chombo kikikatwa, kikiongezwa sitaha, kikibadilishwa injini au kikijengewa kibanda juu, jaribio lirudiwe. Hili hurukwa mara nyingi mno. Mwenye meli anaongeza paa la bati na viti 40 vya juu, cheti kinabaki cha zamani. Sheria itamke wazi: badiliko lolote la uzito juu ya sitaha kuu linafuta cheti hadi jaribio jipya lifanyike. Na idadi iandikwe kwa rangi mlangoni kwa kila sitaha, si jumla peke yake. Watu 300 wakiwa 200 chini na 100 juu ni habari moja. Wakiwa 100 chini na 200 juu ni habari nyingine kabisa.

Mizigo inaleta matatizo yake. Mikungu ya ndizi, magunia ya mahindi, saruji, kreti za soda: vyote hivyo kwa kawaida hupandishwa mwisho, abiria wakiwa wameshajaa, basi huwekwa popote penye nafasi, na penye nafasi ni juu. Utaratibu sahihi ni kinyume chake. Mzigo mzito uingie kwanza, ukae chini na katikati, ufungwe, ndipo abiria wapande. Kama mahamali wanalipwa kwa gunia na hakuna anayewaelekeza, watalitua mlangoni, nami siwalaumu. Anayelaumiwa ni ofisa wa zamu ambaye hana mpango wa upakiaji mkononi.

Halafu kuna maji na mafuta yanayocheza ndani. Tangi lililojaa pomoni halina shida, na tupu halina shida. La nusu ndilo baya, kwa sababu mafuta hukimbilia upande ambao chombo kinalalia. Hesabu yake hufuata upana mara tatu: urefu mara upana mara upana mara upana, gawanya kwa 12. Tangi la mita 8 kwa mita 4 linatoa 42.7. Zidisha kwa 0.85 ya dizeli, gawanya kwa tani 150 za kivuko chetu, na unakuta limekula mita 0.24 za GM. Karibu theluthi moja ya uthabiti imeondoka, na hakuna aliyepakia kitu. Weka ukuta mmoja katikati kwa urefu, yawe matangi mawili ya upana wa mita 2, na hasara inashuka hadi mita 0.06. Ukuta mmoja wa chuma, robo ya tatizo. Kwenye sitaha ya magari, ambayo ni uwanja mpana usio na ukuta, maji kidogo tu yanatosha kuleta maafa. Ndiyo maana mifereji ya kutoa maji pembeni haitakiwi kuzibwa kwa mbao eti mizigo isilowe. Hilo mkaguzi hulijua, abiria hulikanyaga bila kujua.

Kuna kipimo cha haraka cha uthabiti kisichohitaji karatasi, na IMO yenyewe inakikubali kwa meli ndogo. Chombo kikiwa kimelegezewa kamba mahali penye utulivu, kiyumbishwe, kisha hesabu sekunde za kuyumba kwenda na kurudi mara moja kamili. Zidisha upana wa chombo kwa 0.8, gawanya kwa sekunde hizo, kisha jibu ulizidishe kwa lenyewe. Chombo cha upana wa mita 6 kinachotumia sekunde 6 kina GM ya 0.64. Kikitumia sekunde 10, ni 0.23 tu. Kikomo cha chini cha IMO ni 0.15. Abiria wengi hufurahia chombo kinachoyumba polepole, "kimetulia", wasijue kwamba kuyumba kwa uvivu kunakochelewa kurudi ndiyo dalili ya chombo kilichokaribia kwenda mrama kisirudi. Nahodha akiona safari ya leo muda wa kuyumba umerefuka kuliko jana kwa mzigo unaoonekana sawa, asiondoke. Kuna kitu hakiko alipoambiwa kipo.

Na alama ya ubavuni, lile duara lenye mstari katikati, ambalo Uingereza ililifanya la lazima mwaka 1876 baada ya kelele za mbunge Samuel Plimsoll: ikiwa mstari umezama, mjadala umeisha. Jahazi halina alama hiyo kwa sheria za kimataifa, lakini hakuna kinachozuia nchi kulitaka lipakwe. Mstari wa rangi nyeupe juu ya ubao ni gharama ya kopo moja la rangi.

Sasa kuhesabu watu. Mv. Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza, ikiwa na uwezo wa abiria 430. Waliokufa ni zaidi ya 800. Majina yaliyoandikwa yalikuwa ya daraja la kwanza na la pili, watu 443, na daraja la tatu halikuwa na orodha. Soma tena: orodha ya wenye vyumba peke yake ilishapita uwezo wa meli. Mv. Spice Islander I ilipozama Nungwi usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikielekea Pemba, tume ilikuja kusema abiria walikuwa zaidi ya 2,000, wakati meli ilisajiliwa kubeba kama 600. Katika hali zote mbili waokoaji walianza kazi bila kujua wanatafuta watu wangapi.

SOLAS inataka kila aliyemo ahesabiwe kabla meli haijaondoka. Neno ni "aliyemo", si "aliyekata tiketi". Hapo ndipo mifumo yetu ya tiketi za mtandao, ambayo ni hatua nzuri, inapovuja. Tiketi zinahesabu waliolipa. Haziwahesabu watoto waliopakatwa, askari na watumishi wanaopita kwa kitambulisho, wachuuzi wanaoshuka "dakika ya mwisho" wasishuke, na wasindikizaji. Kinachotakiwa ni kaunta ya kubonyeza kwa mkono kwenye kila mlango wa kupandia, mlango uwe mmoja, na watumishi wawili wahesabu kila mmoja peke yake. Zikipishana, abiria wahesabiwe upya. Namba iandikwe kwenye fomu ya ruhusa ya kuondoka, nakala ibaki nchi kavu. Nakala ikisafiri ndani ya meli inazama nayo.

Anayehesabu asiwe wa kampuni. Naye msimamizi wa kampuni anayelipwa kamisheni kwa kila tiketi asikaribie mlango. Pale ambapo serikali yenyewe ndiyo mwenye kivuko, kama ilivyokuwa Ukara, tatizo hubadilika sura tu: msimamizi na anayesimamiwa ni mtoto wa mama mmoja, kwa hiyo mkaguzi lazima atoke taasisi nyingine na awe na mamlaka ya kufunga mlango bila kupiga simu kwa yeyote. Kisiwani ambako kivuko ni kimoja na kinakwenda mara chache kwa siku, kumwambia mtu abaki ni kumwambia alale gatini. Kwa hiyo sheria ya kuzuia watu bila ratiba ya ziada siku za gulio na sikukuu itavunjwa kila wiki, na mvunjaji atashangiliwa.

Kuna vyombo vilivyoua bila kujaa sana, kwa kuwa vilikuwa mahali visipostahili. Mv. Skagit iliyozama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012 iliundwa Marekani mwaka 1989 kwa ajili ya maji yaliyokingwa ya Puget Sound, Washington. Ikaletwa mlango wa bahari wa Zanzibar, ikakutana na kusi la Julai. Meli ya mtumba si dhambi, lakini anayeinunua aulize swali la kwanza: iliruhusiwa kwenda wapi, na kwenye wimbi la mita ngapi? Boti ziendazo kasi chini ya kanuni za IMO huwa na kibali cha uendeshaji kinachotaja hali mbaya kabisa ya bahari zinayoruhusiwa kuikabili. Kibali hicho kifungwe moja kwa moja na taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. TMA ikitoa tahadhari ya upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya zaidi ya mita 2, na cheti cha boti kinasema mita 1.5, basi boti imefungwa yenyewe. Nahodha hana la kuamua na mwenye boti hana wa kumshinikiza. Tajiri akitaka safari, agombane na karatasi.

Kuhusu vifaa vya kujiokolea nitasema yale yanayoharibika kweli. SOLAS inataka jaketi moja kwa kila mtu, nyongeza ya asilimia 5, za watoto asilimia 10 ya abiria au zaidi ili kila mtoto apate, na za wachanga asilimia 2.5 kwa safari zisizofika saa 24. Kwenye vyombo vyetu za watu wazima huwepo, za watoto hukosekana. Mtoto akivishwa jaketi la mtu mzima huteleza na kutoka chini yake. Makosa mengine: jaketi zimefungiwa sandukuni na funguo iko kwa serahangi (mkuu wa mabaharia wa sitaha), zimebaki ndani ya nailoni za dukani, kamba zake zimefungwa fundo, au zimewekwa zote sitaha ya chini ambayo ndiyo huingia maji kwanza.

Boti ya mpira ya kujiokolea, ile iliyo ndani ya pipa jeupe, ina ugonjwa wake maalumu. Pipa hukaa limefungwa kwa mkanda unaopita kwenye kifaa kidogo kinachofunguka chenyewe kwa nguvu ya maji, meli ikizama kati ya mita 1.5 na 4. Kamba ya boti nayo hufungwa kwenye kiungo dhaifu cha kifaa hicho, ili ivutwe, boti ijae hewa, kisha kiungo kikatike na boti ibaki juu. Kosa ninaloliita la mauti ni kamba kufungwa moja kwa moja kwenye chuma cha meli. Boti inajaa vizuri kabisa, halafu inavutwa chini pamoja na meli. Kosa la pili ni kupaka rangi kifaa kile pamoja na kitako chake. La tatu ni tarehe: kifaa cha kutupwa kina maisha ya miaka 2 tangu kufungwa, na boti yenyewe hupelekwa kwenye kituo cha huduma kila miezi 12. Mkaguzi anayesoma cheti tu hayaoni haya. Ayashike kwa mkono.

Sasa nije kwa mabaharia, maana watu hudhani usalama ni jambo moja na hali ya kazi ni jambo lingine la chama cha wafanyakazi. Tarehe 6 Machi 1987 meli ya Herald of Free Enterprise iliondoka Zeebrugge, Ubelgiji, milango ya mbele ikiwa wazi. Aliyetakiwa kuifunga alikuwa amelala chumbani mwake. Ofisa aliyetakiwa kuhakikisha alidhani imefungwa, nahodha hakuwa na taa ya kumwonyesha, na kampuni ilikwisha kukataa ombi la kufunga taa hiyo. Maji yalienea kwenye sitaha ya magari, na watu 193 wakafa. Kutokana na hilo ulikuja mfumo wa kusimamia usalama, ISM, wa lazima kwa meli za abiria tangu 1 Julai 1998, unaotaka kampuni iwe na mtu nchi kavu mwenye njia ya moja kwa moja kwa wakubwa, ili ombi la taa lisiishie kwenye droo. Ukiwa baharia, muulize nahodha jina na namba ya mtu huyo. Kama hakuna anayemjua, ISM ya meli hiyo ni faili tu.

Saa za kulala zina hesabu pia. MLC inataka mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24, na 77 katika kila siku 7. Yanaweza kugawanywa mara mbili tu, kipande kimoja kisipungue saa 6. Meli ndogo nyingi zina maofisa wawili wa zamu: sita kazini, sita kupumzika. Hiyo ni saa 12 za mapumziko kwa siku, 84 kwa wiki. Toa 77, zimebaki 7. Yaani saa moja kwa siku ndiyo akiba yote ya kufunga kamba, kupakia, mazoezi ya moto, karatasi za bandari na mkaguzi aliyepanda saa nane usiku. Haitoshi, na kila aliye ndani anajua haitoshi. Kwa hiyo daftari la mapumziko hujazwa kwa uongo. Dalili zake ni hizi: kalamu moja kwa mwezi mzima, siku zote zinafanana, na mtu "amepumzika" saa ile ile ambayo daftari la injini linaonyesha meli ilikuwa inafunga gati. Kuwaadhibu mabaharia kwa kujaza uongo ni kukosea mlango. Cheti cha idadi ya chini ya mabaharia kitake maofisa watatu wa zamu, na tatizo litapungua siku hiyo hiyo. Kwa meli za ziwani ambazo MLC haizifikii, kipengele hicho kinaweza kunakiliwa kwenye kanuni za nchi neno kwa neno.

Kenya iliridhia MLC mwaka 2014, Tanzania 2019. Kijana aliyetoka Chuo cha Bahari Dar es Salaam au Mombasa akipata kazi kwenye meli ndogo ya Ghuba, ajue machache kabla ya kupanda ndege. Ada ya kumtafutia kazi hairuhusiwi: anachoweza kulipia ni cheti cha afya, kitabu cha ubaharia na pasipoti. Mkataba uwe na sahihi za pande zote na nakala yake abaki nayo, ukitaja mwenye meli kwa jina, mshahara, na kurudishwa nyumbani kabla ya miezi 12 kutimia. Aangalie ukutani melini kama pamebandikwa vyeti viwili vya bima ya fedha: kimoja cha kutelekezwa, kingine cha kifo na ulemavu. Tangu Januari 2017 vyote ni vya lazima. Mwenye meli asipolipa mishahara kwa miezi miwili au zaidi, au akakata chakula, au akagoma kumrudisha mtu kwao, hiyo ni kutelekezwa kisheria, na bima hulipa nauli, chakula na hadi miezi minne ya mishahara. Miezi minne, si zaidi. Anayevumilia mwaka mzima akisubiri tajiri "apate hela" amepoteza minane. Kwa hesabu za ITF, shirikisho la kimataifa la vyama vya wafanyakazi wa usafirishaji, mwaka 2024 mabaharia zaidi ya 3,000 walitelekezwa kwenye meli zaidi ya 300.

Namba ya IMO ya meli ina tarakimu saba na haibadiliki hata meli ikibadilishwa jina na bendera. Unaweza kuihakiki: zidisha tarakimu sita za mwanzo kwa 7, 6, 5, 4, 3, 2, jumlisha, na tarakimu ya mwisho ya jumla lazima ilingane na ya saba. Mfano 9074729: 63, 0, 35, 16, 21, 4, jumla 139, mwisho 9. Sawa. Namba isipokubali, usipande.

Bendera yetu nayo haikuwa na heshima. Mwaka 2012 ilibainika meli za mafuta za Iran zaidi ya 30 zilipeperusha bendera ya Tanzania kupitia wakala wa usajili aliyekuwa Dubai, zikafutwa. Januari 2018 usajili wa meli za kigeni ulisimamishwa kwa muda baada ya meli zenye bendera yetu kukamatwa na dawa za kulevya na silaha. Usajili unaouzwa na wakala wa mbali, pasipo mkaguzi wetu kuiona meli, ni kuuza kitambaa. Baharia aliye ndani akidai haki anaambiwa aende kwa nchi ya bendera, nayo haijui hata meli iko wapi.

Jambo moja la haraka ambalo huua mabaharia wawili wawili au watatu watatu: matangi na vyumba vilivyofungwa muda mrefu. Kutu hula oksijeni. Stoo ya mnyororo wa nanga, tangi la farumi (maji ya kuipa meli uzito), ngama ya samaki waliooza: hewa yake inaweza kuwa haina harufu na ikamwangusha mtu kwa pumzi mbili. Kiwango cha kawaida ni asilimia 21. Ipimwe juu, katikati na chini, mtu asimame mlangoni na redio, na aliyeanguka asifuatwe bila chupa ya hewa mgongoni. Wengi wanaokufa ni waliokwenda kuokoa. SOLAS inataka zoezi la hili kila miezi miwili. Kwenye boti za uvuvi hakuna anayelidai, na huko ndiko kwenye ngama za samaki.

Mwisho, malalamiko. Kenya na Tanzania zimo kwenye makubaliano ya ukaguzi wa bandari ya Bahari ya Hindi, kwa hiyo mkaguzi wa Mombasa au Dar es Salaam anaweza kupanda meli ya bendera yoyote. Kasoro yenye namba 17 inatakiwa kurekebishwa kabla ya kuondoka, yenye namba 30 inaizuia meli. Baharia ana haki ya kumpelekea mkaguzi malalamiko, na jina lake halitakiwi kufichuliwa kwa nahodha. Lakini "tunateswa" haimpi mkaguzi pa kuanzia. Mpe picha ya daftari la mapumziko na ya daftari la injini za tarehe ile ile, picha ya kifaa cha boti ya mpira inayoonyesha tarehe, mkataba, taarifa za benki za miezi miwili isiyolipwa, na namba ya IMO. Na mpe hayo wakati meli iko gatini na mzigo haujaisha kushushwa, maana ikishapewa ruhusa ya kuondoka anabaki na saa chache tu.